Mwenye Vumbi, Mwenye Moshi: Kutafsiri Miungu Wadogo wa Pegāna

Anayesoma Kiingereza katika kitivo chetu huulizwa mara nyingi: utakifanyia nini? Kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo niliamua kukifanyia jambo dogo, yaani kuchukua sura chache za kitabu kimoja na kuzitia katika Kiswahili. Kitabu ni The Gods of Pegāna cha Lord Dunsany, kabaila wa Ireland aliyezaliwa London mwaka 1878 na kufariki Dublin mwaka 1957. Kilitoka mwaka 1905, kikiwa kitabu chake cha kwanza. Alilipa mwenyewe gharama za kukichapisha, na Sidney Sime akakichorea picha. Humo hamna nchi utakayoiona kwenye ramani. Dunsany alibuni ulimwengu mzima pamoja na wale wanaoutawala.

Mpango wa ulimwengu huo ni huu. Juu ya wote yuko MĀNA-YOOD-SUSHĀĪ. Aliwaumba miungu wadogo, kisha akalala. Skarl mpiga ngoma ameketi akipiga bila kukoma ili usingizi uendelee. Siku ngoma itakaponyamaza, aliyelala ataamka, na huo utakuwa mwisho wa dunia zote na wa miungu waliozifanya. Maana dunia si kazi yake. Wadogo ndio waliozifanya, kwa kujifurahisha tu, huku wakizungumza kwa ishara za mikono wasije wakavunja kimya cha Pegāna.

Kila mmoja ana eneo lake. Kib hutuma uhai. Mung ana mauti, na akikufanyia ishara yake, safari yako imekwisha. Sish huangamiza saa. Slid ana maji. Limpang-Tung ana furaha na wapiga muziki, naye Yoharneth-Lahai ana ndoto ndogondogo za usiku. Ni kama serikali kamili yenye mawaziri wake, ila mkuu amelala na hakuna anayetaka aamke.

Walionishika mimi ni wa chini zaidi. Katika sura ya Roon, mungu wa kwenda, Dunsany anataja miungu elfu wa nyumbani, ambao hawakai Pegāna kabisa. Pitsu humpapasa paka. Hobith humtuliza mbwa. Habaniah ana makaa yanayong'aa, Zumbiboo ana vumbi, na mzee Gribaun hukaa katikati ya moto akigeuza kuni kuwa majivu. Kilooloogung ana moshi unaopanda. Jabim ana vitu vilivyovunjika: hukaa nyuma ya nyumba akiomboleza vilivyotupwa.

Msomaji atasema kurasa hizo ni rahisi kutafsiri, kwa kuwa moto, vumbi na paka viko kila mahali. Ugumu unaanza kwenye neno la kwanza la kichwa cha kitabu.

Mungu, katika Kiswahili, ni neno lenye mwili wa ngeli moja na tabia ya nyingine. Kwa wingi wake, miungu, limekaa pamoja na mti na mto. Kwa upatanisho wa umoja linakwenda na mtu: Mungu mmoja anasema, wala si mungu mmoja unasema. Wingi ndio unaoyumba. Katika Biblia ya Kiswahili tunakuta miungu mingine, kwa mi-, kama miti mingine na mizigo mingine. Upatanisho huo una hukumu ndani yake: Mungu wa kweli ni nafsi, na wale wengine ni vitu, magogo yaliyochongwa. Nikiandika miungu midogo, nimekwisha kuwahukumu watu wa Dunsany kabla hawajafungua kinywa. Nikiandika miungu wadogo, wanapumua, lakini msomaji aliyelelewa kanisani anashtuka. Nilichagua wadogo. Katika kitabu hicho Mung hufanya ishara na Jabim hulia, na gogo halilii.

Ugumu wa pili ni wa sikio. Kiingereza cha Dunsany kinafuata mwendo wa Biblia ya kale ya Waingereza, na jina la yule aliyelala limeandikwa lote kwa herufi kubwa, huku wengine wakiitwa gods kwa herufi ndogo. Kwenye karatasi nasi tunaweza kuandika Mungu na mungu, na jicho likaona tofauti. Ila herufi kubwa haisikiki. Jambo hilo lina uzito mjini Lubumbashi, ambako hadithi nyingi za Kiswahili huingia kwa sikio kabla ya kuingia kwa jicho.

Sikio nililokuwa nalo karibu ni la nkambo, mama wa mama yangu, aliyenilea. Hajui Kiingereza, na Kifaransa chake kinaishia sokoni. Jioni, umeme ukiwa haupo, yeye huwasha mbabula uani, nami humsomea nilichoandika mchana kabla mwanga haujaisha. Nilipofika kwenye miungu elfu wa nyumbani aliinua mkono.

“Mu hii nyumba Mungu ni moya tu.”

“Nkambo, ni hadisi. Ni mambo ya kutunga.”

“Itunge na neno ingine.”

Ningeweza kuendelea na kumwachia hasira yake. Lakini tafsiri ambayo mwenye lugha hawezi kuisikiliza nyumbani kwake inatafsiriwa kwa ajili ya nani? Kwa jopo la watu watatu kwenye siku ya kutetea kazi? Nililiweka swali hilo mbele yangu kwa wiki mbili.

Nilijaribu kwanza njia ya udogo. Kiswahili cha Lubumbashi kina ka- na tu-, kama katika katoto na tutoto, hivyo kamungu na tumungu vinawezekana. Nilicheka peke yangu. Tumungu wanapendeza, ila wanageuka vichekesho, na mzee Gribaun ndani ya moto wake si kichekesho. Kwa ki- na vi- ilikuwa vibaya zaidi, kwa kuwa hapo udogo unaleta dharau.

Kisha nikageukia upande wa maeneo yao. Dunsany hutumia lord of, na kamusi inanipa bwana wa. Bwana wa vumbi anasikika kama mwenye cheo, mtu wa koti na tai. Neno lililokuwa mdomoni mwangu tangu utotoni ni mwenye. Katika Kiswahili sanifu, mwenye ni anayemiliki au aliye na kitu: mwenye nyumba, mwenye mali, mwenye huzuni. Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi neno hilo lina kazi nyingine tena, ya kuunganisha sentensi: mutu mwenye anakuya, yaani mtu ambaye anakuja. Zumbiboo akiitwa Mwenye Vumbi, anakuwa na vumbi, anamiliki vumbi, na sikio la hapa linabaki likingoja kitendo: mwenye anafanya nini? Hiyo ndiyo namna Dunsany anavyowajenga. Hawana historia wala ukoo. Wana kitu kimoja na kitendo kimoja.

Msimamizi wangu hakukubali mara moja. Alisema kwamba nikiondoa neno mungu nimeondoa ukali wa kitabu: Dunsany alitaka msomaji wa mwaka 1905 aisikie sauti ya kanisa ikisema mambo yasiyo ya kanisa. Hoja hiyo ina nguvu, na ndiyo maana miungu wadogo wamebaki kwenye kichwa na katika sura za Kib, Sish na Mung. Wale elfu wa nyumbani ndio walioitwa wenye: Mwenye Moshi, Mwenye Makala ya Moto, Mwenye Vitu Vilivyovunjika. Utetezi wangu ni kwamba Dunsany mwenyewe anawatenga. Hawakai Pegāna, na wako chini ya Roon. Kuwapa jina tofauti ni kuufuata mpaka alioweka yeye.

Jioni nyingine nilimsomea nkambo habari za Jabim kwa jina lake jipya. Akauliza:

“Anabitengeneza?”

“Hapana, nkambo. Anabililia tu.”

Alinyamaza akigeuza makala kwa kijiti. Nyuma ya nyumba yetu kuna rundo: beseni lililopasuka, mbabula iliyotoboka, na redio ya marehemu mumewe isiyo na kifuniko. Tumemwomba mara nyingi atupe.

“Basi ni mutu muzuri,” akasema. “Soma tena.”

Tangu hapo naona mpango wa Dunsany kwa namna nyingine. Kadiri eneo la mungu linavyokuwa kubwa, ndivyo anavyokuwa mbali nasi. Aliye juu kabisa amelala. Mung ana mauti yote ya dunia zote, na hawezi kusimama kwa ajili ya mmoja. Lakini aliyepewa vyungu vilivyopasuka ana nafasi ya kukililia kila kimoja. Kiingereza kinawaita wadogo. Kiswahili kinaongeza kwamba wao ndio wenyewe, yaani wenye mahali, wale unaopaswa kuwabishia hodi.

Kwa wenzangu wanaotafsiri na kwa walimu watakaosoma kazi hii, naliacha swali la upatanisho wazi. Anayetaka kutetea miungu midogo alete hoja zake. Ninaomba tu kwamba, kabla ya kuzileta, amsomee kwanza kwa sauti mtu mmoja asiyeona herufi kubwa.