Kwa ordinatere, 1960 inakuja nyuma ya 2004

Jaribuni jambo hili. Chukueni tarehe nne zinazojulikana hapa Bukavu: 30/06/1960, uhuru, 29/10/1996, siku Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa hapa mjini, 02/06/2004, siku askari wa Nkunda na Mutebusi walikamata mji, 03/02/2008, tetemeko la nchi la ile Jumapili. Mtoto wa primere anaweza kuzipanga. Mimi niliziandika katika Python, zikiwa kama maneno, nikaiomba ordinatere izipange. Ikaweka 2004 kwanza, kisha 2008, kisha 1996, na uhuru wetu mwisho kabisa!

Mashini haina wazimu. Tarehe iliyoandikwa kama neno si tarehe kwake, ni alama kumi tu, nayo inazilinganisha sawa vile sisi tunatafuta neno katika diksionere: ya kwanza na ya kwanza, zikifanana inaenda kwa ya pili. 0 iko mbele ya 2, na 2 iko mbele ya 3, maneno yamekwisha. Mwaka, juu umeandikwa mwisho, hauulizwi. Na mashini haisemi kwamba kuna kosa, inajibu tu kwa utulivu. Ni hiyo inanikasirisha zaidi.

Mtoto wa shangazi yangu, binti wa Kadutu, jambo hili lilimfunga njia. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa inatoa bursi ya kulipia minervali kwa wanafunzi wasiozaliwa mbele ya 15/09/2007. Yeye alizaliwa 03/12/2008. Listi ilipobandikwa, jina lake lilikuwa kwa wale waliokataliwa: «umri umepita». Shangazi alirudi nyumbani akilia, akisema ni mambo ya kujuana, sawa vile kila mtu kwetu anasema mbele ya kusoma. Mimi nilisoma ile listi tena na tena, kwa sababu tarehe zilikuwa kando ya majina. Waliokubaliwa wote walizaliwa kati ya tarehe 15 na tarehe 31 ya mwezi. Wote! Mmoja alikuwa wa 28/01/2001, mtu wa kuoa tayari. Juu 28 inapita 15, basi. Na 03 haifiki 15, hata mwaka ukiwa 2008.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, na mifano sita. Hatukutaja rushwa, juu haikuwa rushwa. Majuma saba yakapita, listi mpya ikatoka, binti akaingia. Lakini pointi za periode ya kwanza alikuwa amezikosa zote, na hakuna programu ya kuzirudisha.

Dawa iko. Mtu anaweza kuandika mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku: 1960-06-30. Ni kanuni ya dunia nzima, jina lake ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988. Hapo hata ukilinganisha maneno matupu, mpango unatoka vizuri. Musisahau sifuri tu! Bila sifuri, 2004-10-2 itawekwa mbele ya 2004-6-2, juu 1 iko mbele ya 6. Kanuni hii inamaliza pia ubishi wa Wamarekani, wanaoanza na mwezi: wao wakiona 02/06/2004 wanasoma tarehe 6 mwezi wa pili, na Bukavu ingekuwa imekamatwa karibu miezi minne mapema.

Mimi napenda zaidi kugeuza neno kuwa tarehe ya kweli, kisha kulinganisha. Katika Python ni kazi ya datetime.strptime, ukiiambia kwamba siku inatangulia. Excel yenyewe inahesabu siku: 1 Januari 1900 ni siku ya 1, uhuru ni siku ya 22097, na 02/06/2004 ni siku ya 38140. Sasa ni namba, na namba hazibishani. Mukifungua listi ya Excel, angalieni tarehe zinakaa wapi ndani ya kisanduku: kama hakuna mtu aliyezisogeza, ya kweli inakaa kuume, na ile iliyobaki neno inakaa kushoto. Na wale wanaonakili madaftari ya zamani wajue kwamba tarehe za mbele ya 1900 Excel haizikubali, inaziacha kuwa maneno. Hizo muziandike mwaka mbele.