Waya ya Fensi

Hapa Busanza ndege zinapita chini sana zikishuka uwanja wa Kanombe, hata vikombe vinatetemeka mezani. Ninauza maziwa kwenye kiduka kidogo: ya moto, ya baridi, na ya mgando ambayo hapa wanaita ikivuguto. Kuna mzee mmoja mwenye ng'ombe upande wa Kayonza, akija mjini hupenda kukaa kwangu na kupiga stori. Jioni moja alisimulia kwamba kabla Akagera haijawekewa ule uzio wa kilomita 120, uliokamilika mwaka 2013, nyati na swala walikuwa wanachanganyika na ng'ombe wao kama wa zizi moja.

"Na kule Nakivale," akaniuliza, "mlikuwa munawinda?"

Nikasema hapana. Ilikuwa mara yangu ya pili kutoa jibu hilo. Mara ya kwanza ilikuwa ofisini, mbele ya fomu.

Nilifika Nakivale mwaka 2008, na miaka kumi na mitano, pamoja na Mama na wadogo zangu watatu. Tulikuwa tumetoka Masisi, tukaacha ng'ombe, tukaacha kila kitu. Mgao ulikuwa mahindi, maharage na mafuta, na mwezi ulikuwa mrefu kuliko mgao. Kwa hiyo nilifanya kama vijana wengi: nikaenda kuchunga ng'ombe za watu kwenye ranchi za Kiruhura, karibu na Ziwa Mburo.

Hifadhi ya Mburo ni ndogo, kilomita za mraba kama 260 hivi, na wanyama hawajui mpaka wake. Asubuhi ungekuta swala pala wamejaa kati ya ng'ombe, wanakula majani yale yale, wanakunywa kwenye bwawa lile lile. Ndio hao waliokipa jina kilima cha Kampala zamani, ila siku hizi ukiwataka Uganda unawafuata Mburo. Fensi kwao ni mchezo, wanairuka tu. Wenye ranchi walikuwa wanalalamika: majani yanakwisha, na kupe wanaletwa na wanyama wa pori hata kama ng'ombe wameogeshwa jana.

Serikali ya Uganda ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1979. Halafu mwaka 2001 ikaruhusu tena, kwa majaribio, kwenye hizo ranchi za kuzunguka Mburo. Mwindaji analipia kila mnyama, na pesa inagawanywa: mamlaka ya wanyamapori, mwenye ardhi, chama cha wanakijiji. Hesabu yake ni kwamba mtu akipata faida kwa swala, hatamchukia tena. Sisemi ni mbaya. Nilimwona bosi wetu akianza kuwahesabu swala kama anavyohesabu ndama.

Siku moja alikuja Mzungu na bunduki, na askari wa wanyama pembeni yake. Alipiga dume moja lenye pembe ndefu, risasi moja tu. Wakapiga picha. Yeye alichukua pembe, nyama ikaachiwa watu wa hapo. Mimi ndiye niliyelibeba begani. Damu ilikuwa bado ya moto, na mimi nilikuwa nawafikiria wadogo zangu.

Wiki hiyo nilikata waya kwenye fensi ya bosi, upande wa mbali, nikafunga kitanzi kwenye njia ya swala. Nilipata jike. Nikalikausha kwa moshi, usiku nikaenda nyumbani.

Mama aliangalia nyama bila kuigusa. "Mtoto wangu, siye hatukulaka nyama ya pori. Ng'ombe zitasema nini?"

Nikamjibu, "Mama, ng'ombe gani?"

Hakusema kitu. Aliwapikia watoto, yeye akala maharage yake. Lile neno langu linaniuma mpaka leo, lakini si lenyewe nililotaka kuandika.

Nilitega tena. Asubuhi ya tatu nilisikia mlio, nikajua si swala. Alikuwa mtamba mwekundu, mzuri kuliko wote, alikuwa abebe mimba mwaka ule. Alikuwa amevuta usiku kucha. Waya ilikuwa imeingia mguuni mpaka kwenye mfupa. Bosi alikuja, akamtazama muda mrefu, akaagiza achinjwe.

"Nani alitega hii waya?"

Tulikuwa wachungaji wawili tu upande ule, mimi na kaka mmoja Mrundi, mkimbizi kama mimi. Ndiye aliyenifundisha kazi. Usiku wa mvua alikuwa ananipa blanketi lake. Bosi alimwangalia yeye kwa sababu yeye ndiye aliyetengeneza fensi wiki ile, koleo lilikuwa mkononi mwake. Kaka alisema, "Si mimi." Halafu akanigeukia. Hakunitaja. Aliningoja.

Nilikaa kimya.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo, bila mshahara wa miezi mitatu: shilingi 150,000. Nilimwona akishuka barabarani na blanketi begani. Sikumwona tena.

Mwaka 2014 nilikuja Rwanda kwa dada yangu aliyekuwa kambi ya Gihembe. Miaka ikapita, ikaja ile interview. Swali lilisomwa taratibu: umewahi kuvunja sheria, umewahi kumdhuru mtu? Nikasema hapana. Niliogopa habari ya swala, kwamba wataniita jangili na faili litalala. Nilipotoka nje ndipo nilipoona kwamba swali lilikuwa na sehemu mbili, na ile ya pili sikuiogopa hata kidogo. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, sijui mngeandika nini kwenye kile kisanduku.

Nimeamua kuandika hapa kwa sababu haya maandishi yanasomwa Mahama, na Mahama kuna Warundi wengi. Kaka, pengine uko huko, pengine ulirudi kwenu, pengine kuna mtu anakujua. Mshahara wako ninao. Nimeuweka kidogo kidogo kutoka kwenye maziwa, na nimeongeza, maana pesa ya 2010 si ya leo. Walioandaa kurasa hizi wanajua pa kunipata.

Sitaandika jina la yule mtamba. Wewe ndiye uliyempa, siku aliyozaliwa, mvua ikinyesha. Anayelijua aje alitaje.