Picha ya Jalada

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari karibu na Chake Chake, kisiwani Pemba, na miongoni mwa kazi nilizokabidhiwa ilikuwa kusimamia jarida la wanafunzi. Kazi hiyo ina nasaba ndefu katika visiwa vyetu, kwani tangu mwaka 1888 lilianza kuchapwa huko Kiungani, Unguja, gazeti la Msimulizi, likikusanya habari za wanafunzi na walimu wa misheni. Jarida letu sisi lilikuwa dogo. Kurasa zake za ndani zilipigwa kwa stenseli. Lakini mwaka ule zilipatikana fedha za kuchapisha jalada lenye picha. Picha yenyewe ilikuwa moja tu, na hapo ndipo mjadala ulipoanza.

Kamati ilikuwa na picha tatu, zote zimepigwa na mwanafunzi mmoja kwa kamera ya mjomba wake na kusafishwa Unguja. Ya kwanza ilikuwa ya mchezo wa ng'ombe, fahali ameinamisha pembe na vijana wakimkimbia. Ya pili ilikuwa ya magofu ya Pujini, ngome inayonasibishwa na Mkama Ndume. Ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja aliyeketi kando ya jamvi, akichambua karafuu, yaani akizitenga na makonyo yake.

Picha ya ng'ombe iliangushwa mapema. Wengi husema mchezo ule tuliachiwa na Wareno, na mwanafunzi mmoja akauliza kama jalada letu ndilo la kumtangaza Mreno. Waliobaki na Pujini waliambiwa kwamba tukitanguliza kuta zilizoporomoka, msomaji atadhani nasi tumeporomoka. Ikabaki karafuu, wala hapakuwa na wa kuipinga. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya zao hili. Na wengi wa wanafunzi wale walikuwa wamenunuliwa sare na madaftari kwa pishi za karafuu zilizochumwa na wazee wao.

Zaidi ya hayo, picha ilikuwa nzuri ajabu. Kanga ilikuwa imemteleza bibi yule ikamwangukia mabegani, na jua la asubuhi lilizipiga nywele zake nyeupe zikameremeta. Chini yake tuliandika: Mwanamke wa Pemba. Nami nikaidhinisha.

Aliyetuzuia ni mhariri wetu, msichana wa kidato cha tatu. Aliuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mwenyewe ameambiwa?" Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Tulikuwa tumekaa siku mbili tukimjadili mtu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumwendea.

Jumamosi baada ya alasiri tulikwenda kwake, mhariri, mpiga picha na mimi. Tukapiga hodi, tukamwamkia, naye akatukaribisha barazani. Mhariri alimpa picha kwa mikono miwili. Bibi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza maandishi ya chini yanasemaje. Aliposomewa, alicheka kidogo.

"Wanawake wa Pemba ni wengi, mjukuu wangu. Huyu ni mimi." Akanigeukia. "Mwalimu, hapa nimo uani kwangu, na uani mtu huwa hivi. Sasa mnataka kunitoa mnipeleke Unguja na bara, kichwa wazi, na jina nalo mmenivua?"

Nilitahayari. Mimi ni mzaliwa wa Wete. Sikuwa na kisingizio cha mgeni. Kile nilichokiita uzuri wa picha ndicho hasa ambacho mama yangu mzazi angekificha, nami nilikuwa nimekitazama siku mbili nisikione. Mhariri akaomba radhi kwa niaba yetu sote.

Bibi aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amejitanda kanga mpya, akaketi wima palepale penye karafuu, akasema: "Haya, nipige. Na jamvi lionekane. Ukili nimesuka mimi na kushona nimeshona mimi." Hakutabasamu. Aliitazama kamera kama mtu anayetoa ushahidi.

Jalada lilichelewa majuma kadhaa, kwani ilibidi filamu ile nayo isafirishwe kusafishwa. Lilipotoka, jina lake lilikuwa chini ya picha, pamoja na la kijiji chake. Mpiga picha hakufurahi. Aliniambia kwamba ile ya kwanza ilikuwa picha, na hii ni ya kitambulisho. Sikuwa na jibu, kwa sababu kwa upande wa macho alisema kweli.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nilipoonyeshwa Unguja kadi za posta za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, za enzi za studio kama ile ya A. C. Gomes. Watu wetu wamo humo, wameketi, wamesimama, wamejitwika mizigo. Na aghalabu chini yao limeandikwa kabila au kazi, jina hakuna. Nikayatambua maneno yetu ya Chake Chake. Tulichotaka kukifanya kilikwisha kufanywa na wapita njia, nasi hatukuwa wapita njia.

Leo kamera imo mfukoni mwa kijana yeyote mwenye simu, na sura ya mtu huweza kuvuka bahari kabla mwenyewe hajajua kwamba amepigwa. Tunaokusanya mambo ya utamaduni wa taifa hatuna budi kukumbuka kwamba utamaduni huo una wenyewe, nao wanaishi penye milango ya kupigiwa hodi. Bibi yule amekwisha kutangulia mbele ya haki. Jina lake sikuliandika hapa, kwa kuwa ruhusa aliyoitoa ilikuwa ya jarida lile, nami sikuwahi kurudi kumwomba nyingine.