Wakaguzi Wanakuja Alhamisi

Wasomaji wa nyumbani Kenya, nimekasirika. Binamu yangu, aliyeajiriwa kwenye kiwanda fulani huko, amenitumia ujumbe wa sauti huku akicheka: "Kaka, wakaguzi wanakuja Alhamisi. Tunapaka rangi, na mbuzi ameshanunuliwa." Nimeusikia nikiwa hapa Atlanta, napanga ratiba ya wahandisi ninaowasimamia, wale wanaokagua vinu vya nyuklia. Mbuzi jamani!

Huku Marekani, mkaguzi wa NRC, tume ya serikali inayodhibiti nyuklia, akiingia mtamboni, kampuni hairuhusiwi kuwatangazia wafanyakazi kwamba amefika, ila yeye mwenyewe akitaka. Ni sheria iliyoandikwa. Tena mara nyingi hana haja ya kufika, kwani yupo. Kila kituo kina wakaguzi wakaazi wasiopungua wawili, na kampuni inalazimika kuwapa ofisi humo humo ndani. Mpango huo ulianza 1978, ukapanuliwa baada ya ajali ya kinu cha Three Mile Island ya 1979. Kwa kawaida hawaachwi kituo kimoja zaidi ya miaka 7, wasije wakawa mashemeji wa kila mtu.

Kazi yenyewe haina urembo. Ni kupiga magoti chini ya pampu na tochi mkononi, kusoma daftari la zamu ya usiku, kusimama kando ya jenereta ya dharura inapojaribiwa na kuhesabu sekunde. Kijana akiniletea ripoti safi mno, namuuliza: uligusa nini?

Msidhani huku ni peponi. Kule Davis-Besse, Ohio, kinu kilitakiwa kizimwe kikaguliwe kabla 2001 haijaisha. Kampuni ikaomba muda, tume ikalegeza hadi Februari. Machi 2002 ikagunduliwa kwamba asidi iliyokuwa ikivuja imekitoboa kifuniko cha kinu, chuma cha unene wa sentimita 16 hivi, likabaki ganda la ndani la takriban sentimita 1. Dalili zilikuwepo: vichujio vya hewa vilikuwa vikiziba kwa kutu, vinabadilishwa, kazi inaendelea. Na wakaguzi wakaazi walikuwepo! Mkaguzi anayeona bila kuuliza hana tofauti na huyo wenu wa Alhamisi, ila yeye hakula nyama. Kinu kilikaa kimya hadi 2004.

Sasa nawageukia nyinyi. Kenya tunayo Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia kwa sheria ya 2019, na kinu kilipangwa Uyombo, Kilifi, wakazi wakakikataa, sasa inatajwa Siaya. Vizuri, lakini mkaguzi mpeni ruhusa ya kila mlango, saa yoyote, na mshahara unaomtosha kujinunulia chai. Asiwe na hisa katika kampuni anayoikagua. Huku ni marufuku. Mhamisheni kabla hajazoeleka. Ripoti zake ziwekwe kwenye intaneti, kama zetu. Na mkubwa wake asithubutu kumpigia simu kumwambia, "Hilo si lingoje kidogo?" Tunapenda mno kungoja kidogo, nyinyi watu!

Ndugu zangu wa Siaya, wakija kuwaomba maoni watawaeleza habari za umeme na ajira. Wasikilizeni kwa adabu, kisha waulizeni mkaguzi atakaa wapi, nani atamlipa, na nani ana uwezo wa kumfukuza. Wasipokuwa na jibu, msitie sahihi.