Mtoto Mchanga na Baridi ya Julai

Mwezi wa Julai, ukungu ushukapo Limuru, zaidi ya futi 7,000 juu ya bahari, mama humvika mtoto wake fulana, sweta mbili, kofia na soksi za sufu, kisha humfunika blanketi zito juu ya hayo yote. Afanya hivyo kwa mapenzi, wala hakuna awezaye kumlaumu. Lakini mapenzi yasiyo na kipimo huweza kudhuru. Mtoto hutoka jasho, nguo za ndani zikalowa, na usiku baridi humpata kwa unyevu ule ule.

Mikono ya mtoto si shahidi mwaminifu, kwa kuwa huwa baridi hata mwili ukiwa na joto la kutosha. Yafaa mama aguse shingo kwa nyuma, au kifua. Pakiwa na jasho, mtoto apunguziwe nguo moja. Pakiwa baridi, aongezwe moja, au awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Kwa kawaida humtosha nguo moja kuzidi zile avaazo mtu mzima. Tena nguo mbili nyepesi hushinda moja nzito, kwa sababu hewa iliyo kati yake huhifadhi joto.

Baba naye asiingize jiko la makaa chumbani walalamo. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, nayo imewaua wengi usingizini. Sweta ikizidi huvuliwa. Pumzi ikikatika hairudi.