Gari nalo linakula kila siku: somo nililopewa na Probox yangu mlima Kitonga



Leo sitaongelea kantangaze wala mbolea ya kukuzia. Wiki mbili zilizopita nilikuwa shambani kwa mzee mmoja anayelima nyanya, akanivuta pembeni akasema, "Bwana shamba, mwaka huu Mungu amesaidia, nimeuza vizuri. Nataka kununua Probox, ibebe mazao na familia. Nichukue?" Swali hili naulizwa kila baada ya mavuno. Mimi si fundi, nina diploma ya kilimo tu. Lakini gari hilo ninalo, na limeshanifundisha kwa ada kubwa. Nitasimulia yaliyonikuta, halafu kila mtu apige hesabu yake.

Tulivyolinunua

Pikipiki ya kazi ni ya kazi, si ya kubebea mke na vitunguu. Kwa hiyo tulipopata mtoto wetu wa pili tukaamua kutafuta gari. Nilikopa SACCOS milioni 5, mimi nilikuwa na milioni 1, na mama Neema akatoa 2,600,000 kutoka kwenye mtaji wake wa vitunguu. Jumla 8,600,000. Tukalinunua mkononi mwa mtu.

Sababu za kuchagua Probox mnazijua. Toyota walianza kuitoa mwaka 2002 kwa ajili ya kampuni za Japani, za kusambazia bidhaa na kuzungukia wateja, kwa hiyo ni gari la kazi tangu kuzaliwa kwake. Ukilaza viti vya nyuma unapata sakafu tambarare. Spea zake zipo hadi kwenye miji midogo, na injini yake ya petroli inatumia mnyororo badala ya mkanda, kwa hiyo huna mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda fulani. Ni gari zuri, na nasema hivyo mapema kwa sababu yaliyotokea kosa halikuwa la gari.

Siku ya Kitonga

Mama Neema hununua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuviuza Iringa mjini. Siku hiyo bei shambani ilikuwa imeshuka, akanunua magunia matano. Ndani tulikuwa mimi, yeye, Neema wa miaka sita, na shemeji yangu. Magunia matatu tukayaweka nyuma, mawili juu ya keria. Shemeji akacheka akasema gari limekaa kama kuku anayeatamia. Nami nikacheka.

Kuna jambo nililijua nikalinyamazia. Mpira mmoja wa maji wa rejeta ulikuwa unavuja kidogo kwa miezi miwili. Kila asubuhi nilikuwa naongeza maji, na nilikuwa nayachota popote: bombani, kisimani, hata mtoni. Nilijiambia nitaubadilisha mshahara ukitoka. Mishahara miwili ikatoka.

Wanaopajua Kitonga wanajua: mlima mkali, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde, na malori marefu yanayopanda taratibu mbele yako na nyuma yako. Tulipofika katikati, mama Neema akauliza, "Baba Neema, hiyo taa nyekundu ni ya nini?" Nikamjibu, "Tukifika juu tutaangalia." Sikutaka kusimama mbele ya lori lililokuwa linanifuata. Hatukufika juu. Gari lilipoteza nguvu, mvuke ukatoka chini ya boneti, likazimika kwenye kona.

Lori la nyuma lilipiga honi ndefu likanikwepa. Nilitafuta pembetatu ya tahadhari, nikakuta ni moja, tena imevunjika mguu. Shemeji akakimbia chini akikata matawi na kuyapanga barabarani. Mama Neema alishamtoa mtoto na kumkumbatia, amebana mgongo kwenye mwamba, huku malori yanapita karibu nao. Picha hiyo haijanitoka. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mfuniko wa rejeta na kitambaa mkononi. Tandiboi wa lori lililosimama kutusaidia akanishika mkono: "Braza, usifungue! Itakuchuna uso." Kweli, mle ndani maji yako chini ya shinikizo, yamezidi joto la kuchemka. Ukifungua, yanaruka yote usoni.

Vitunguu vilipakiwa kwenye Fuso kwa bei ya mwenye Fuso. Gari likavutwa hadi Iringa. Fundi akakuta hedi imepinda na gasketi imeungua. Kuvuta gari, kusawazisha hedi, gasketi, rejeta, mipira na ufundi: 1,180,000. Mpira niliokuwa nauahirisha ulikuwa wa shilingi 15,000.

Daftari la mama Neema

Mama Neema hakunigombeza. Usiku ule alifungua daftari lake la biashara, akashika kalamu, akaniuliza, "Haya, hii naiandika upande gani?"

Nilikosa jibu. Daftari lile lilikuwa na bei ya vitunguu, magunia, wapakiaji na petroli. Safari ya kilomita 200 aliandika petroli 40,000, basi. Mimi mtu ninayewafundisha wakulima kuandika gharama za uzalishaji hadi kamba ya kufungia, sikuwahi kumwambia kuwa kila kilomita gari linakula pia oili, tairi, breki na bima. Kwa miaka miwili alikuwa anaona faida, na sehemu ya faida hiyo ilikuwa ni gari lenyewe likiliwa taratibu. Fedha za kutengeneza gari zilitoka kwenye mtaji wake, na msimu ule hakununua vitunguu tena.

Tulikaa tukapiga hesabu upya. Hizi ni bei nilizolipa mimi, wewe weka za kwako:

- Petroli: gari langu linatembea kilomita 14 kwa lita. Lita ikiwa 2,800, ni shilingi 200 kwa kilomita.
- Oili, filta na ufundi: 85,000 kila kilomita 5,000. Ni shilingi 17.
- Tairi nne: 520,000, zinatembea kama kilomita 40,000. Ni shilingi 13.
- Breki, bushi, boljointi na shokapu: kama 250,000 kila kilomita 10,000 kwa barabara zetu za vumbi. Ni shilingi 25.
- Bima ndogo: 118,000 kwa mwaka. Natembea kama kilomita 10,800 kwa mwaka, kwa hiyo ni shilingi 11.

Ukiacha petroli, jumla ni 66. Sisi tunaweka 70. Maana yake kila kilomita 100, shilingi 7,000 zinaingia kwenye akiba ya gari, kwenye simu, laini ya peke yake. Safari ya vitunguu ya kilomita 200 si 40,000 tena, ni 54,000. Kama mzigo haulipi 54,000, hatuendi, au tunachangia gari la mwingine.

Kujua gari lako linakula kiasi gani ni rahisi. Jaza tenki hadi bomba likate lenyewe, andika kilomita. Tembea siku kadhaa, jaza tena hadi likate, andika lita zilizoingia. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita hizo. Ukiona namba inashuka mwezi hadi mwezi, gari linakuambia jambo, kama ng'ombe anayepunguza maziwa.

Soma maandishi ya mlango wa nyuma

Probox ya mizigo ina maandishi ya Kijapani kwenye mlango wa nyuma, na ndani yake namba mbili: 400 na 250 kwenye mabano. Wengi tunadhani ni mapambo. Ni uzito wa mzigo kwa kilo: 400 wakiwa watu wawili, 250 wakiwa watu watano. Sisi tulikuwa wanne na magunia matano. Hata kila gunia lingekuwa kilo 100 kamili, tulibeba karibu mara mbili ya kiasi chake. Na mnajua gunia la lumbesa halina kilo 100.

Mafundi watakushauri uweke springi ngumu ili gari lisilale nyuma. Gari litasimama vizuri, lakini breki ni zile zile na injini ni ile ile. Gari lisilolala si gari lililopewa uwezo. Tairi nazo: gari hili lilitoka Japani na tairi za magari madogo ya mizigo, zenye maandishi LT. Ukibadilisha kwa tairi laini za gari la kutembelea kisha ukapakia magunia, unatafuta pancha kubwa. Upepo soma kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, usikisie kwa kupiga teke.

Maji ya rejeta

Tumia kulanti, si maji ya mto. Kulanti inazuia kutu na inachelewa kuchemka. Maji ya mto yana tope na chumvi, yanaziba rejeta kama matone ya umwagiliaji yanavyoziba usipochuja maji. Ukikwama njiani weka maji safi ufike, halafu yabadilishe.

Fundi akikuambia, "Tuitoe themostati, nchi yetu ya joto," mkatalie. Injini imetengenezwa ifanye kazi kwenye joto lake maalumu. Ikiwa baridi mno inakula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Themostati ikifa, weka nyingine.

Na taa nyekundu ya joto ikiwaka, tafuta pa kusimama sasa, zima injini, subiri angalau nusu saa kabla ya kugusa mfuniko.

Vifaa vya kukaa ndani ya gari daima

Pembetatu mbili nzima, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, jeki na spana ya wili, tairi ya akiba yenye upepo, kamba ya kuvutia, tochi, maji lita tano, na kisanduku cha huduma ya kwanza. Mimi nimeongeza turubai zito la kutandika sakafuni na wavu wa kamba nyuma ya kiti. Ukifunga breki ghafla, gunia lisilofungwa linakuja mbele kwenye vichwa vya watoto. Keria sasa ni ya magodoro na matenga matupu. Mzigo mzito juu unalipindua gari kwenye kona.

Gari hili halina ukuta

Hapa naongea kama bwana shamba. Pikapu ina ukuta kati ya mzigo na watu. Probox haina. Hewa ya nyuma ndiyo mnayovuta mbele. Nimeona viuatilifu vimelala pembeni ya mkate na mtoto amekalia mfuko. Dawa za shamba zisisafiri pamoja na familia wala chakula. Ikibidi kuzibeba, nenda bila watoto, weka chupa zikiwa zimesimama kwenye ndoo yenye mfuniko na maranda ya mbao chini, fungua vioo, na ukifika osha. Mbolea za chumvichumvi kama urea na CAN zikimwagika zikapata unyevu zinakula bati la sakafu. Fagia na ufute siku hiyo hiyo.

Kabla hujanunua

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Washa injini ikiwa baridi. Ikiwa bado baridi, kabla ya kuiwasha, fungua rejeta uone rangi ya maji: ukiona kahawia ya kutu au utando wa mafuta, ondoka. Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari, hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, na badilisha jina la kadi TRA mapema. Mwisho, baki na fedha ya matengenezo ya kwanza. Anayemaliza fedha zote kununua gari amenunua ng'ombe bila majani.

Nilivyomjibu mzee

Nilimwomba aniambie msimu mzima anasafirisha mara ngapi. Akahesabu kwa vidole: mara kumi na mbili hivi, pamoja na kwenda kliniki na misibani. Nikamwandikia shilingi 270 kwa kilomita kwenye karatasi, nikamwambia alinganishe na anacholipa kukodi. Bado anapiga hesabu, na simharakishi. Kwa safari chache, kukodi si umaskini.

Sisi gari tunalo bado. Mama Neema amerudi Ruaha Mbuyuni, magunia mawili kwa safari, matatu tukiwa wawili tu. Mwezi uliopita tairi mbili zilikwisha. Alinunua kutoka kwenye akiba ya gari, akaandika kwenye daftari, na safari hii alijua upande wa kuandika.