Maharagwe ya Kikapuni

Nyumbani kwetu siku ya Jumapili maharagwe huiva nasi tumo kanisani, wala hapana moto mekoni. Mwanangu mdogo asema kikapuni mna zimwi mpishi.

Jumamosi jioni mke wangu huyachagua na kuyaroweka. Alfajiri humwaga maji yale, akatia mapya, akainjika sufuria. Hapa sina mzaha: maharagwe mekundu yana sumu, nayo haiondoki kwa moto wa pole. Mtu akila punje chache tu zisizoiva vema, hutapika na kuhara. Kwa hiyo sharti yatokote kwa nguvu nusu saa nzima. Ndipo sufuria hufunikwa sana na kutiwa katika kikapu kilichojaa majani makavu, na juu yake mto mzito. Kuni huzimwa, nanyi mwendao kuziokota mwajua uzito wake. Joto lililofungwa humo humaliza kazi.

Adhuhuri sufuria hurudi motoni, hutiwa vitunguu, tui na chumvi, ikatokota tena. Mama yangu, asiye na meno sasa, ndiye hupakuliwa kwanza, wala hana haja ya kupondewa.